Kampuni inafundisha akina mama kushona, halafu sare inanunua Dar: tujadili mafunzo ya ufundi ya CSR huku Kusini

Fundi Chikongola (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam, wazee shikamooni.

Hoja yangu ni moja na naiweka mapema ili nisionekane nazungusha maneno. Mafunzo ya ufundi ambayo makampuni yanawapa vijana na akina mama wa Mtwara na Lindi kwa jina la CSR, yaani uwajibikaji wa kampuni kwa jamii, hayatatufikisha popote mpaka kampuni ile ile ianze kununua kazi ya watu iliowafundisha. Kufundisha ni nusu ya shughuli, tena ile nusu rahisi, yenye kupigwa picha.

Nina karakana ndogo ya kuchomelea: mageti, madirisha, vitanda, keria za bodaboda. Napokea vijana wa fildi kutoka vyuoni, na siku hizi wanakuja pia ambao wametokea "kwenye mradi". Kijana wa mradi anakuja na cheti kimepigwa laminesheni. Nampa vipande vya bamba avilaze chini aviunganishe, anaunganisha vizuri tu, mshono umenyooka. Nampa skwea paipu ya geti, ile nyembamba, imesimama, anaitoboa. Anaongeza moto, anatoboa zaidi. Ukimuuliza ameunguza rodi ngapi tangu aanze kujifunza, anacheka. Darasani walikuwa wengi, mashine chache, rodi wanagawana. Si kosa lake. Mkono wa fundi unatengenezwa na rodi, na rodi ni hela, na kwenye bajeti ya mradi hela nyingi imekwenda kwenye ukumbi, posho na mabango.

Hata hivyo huyo angeiva hapa kwangu bila shida kama kungekuwa na kazi ya kumuivisha. Kazi ndiyo haipo.

Mfano mwingine, kampuni siitaji. Walifundisha kikundi cha akina mama ushonaji. Siku ya kukabidhi cherehani kulikuwa na turubai, muziki, viongozi, keki. Wafanyakazi waliosimama nyuma kwenye picha wamevaa ovaroli na fulana mpya zenye nembo, na mzigo ule nauona kila mara ukishushwa kwenye buti la basi kutoka Dar. Akina mama wakaambiwa sasa mjiajiri. Wajiajiri kwa nani? Kuanzia Magomeni mpaka Chuno hapa Mtwara mjini kila kona ina fundi cherehani anayesubiri Januari watoto wafungue shule apate mashati mawili matatu. Unaongeza mafundi thelathini kwa wateja wale wale, halafu baada ya muda cherehani zikionekana sokoni unasema hawa watu hawasaidiki.

Karibuni. Mods naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa ajira za gesi, ni mambo mawili tofauti.

Jirani wa Bandari

Nimewahi siti ya mbele. Nakazia hapo kwenye keki.

Mbishi wa Masasi

Mkuu Fundi, nakuheshimu lakini hapa napingana na wewe.

Kampuni yoyote yenye wafanyakazi kumi na kuendelea inalipa tozo ya kuendeleza ujuzi, SDL. Inakatwa kwa asilimia ya mishahara yote, zamani ilifika asilimia 6, 2023 ikashushwa hadi 3.5. Tozo hiyo ndiyo sababu tuna VETA, vyuo vya ufundi stadi vya serikali, na sheria ya VETA ipo tangu 1994. Kwa hiyo kampuni imeshalipia ufundi wa mtoto wako kabla haijaleta hata cherehani moja. Juu ya hapo inalipa halmashauri ushuru wa huduma, asilimia ya mauzo yake. Inalipa kodi. Halafu inatoa CSR. Na bado mnataka inunue kwenu? Kesho mtataka iwapikie na ugali.

Biashara inanunua penye bei nzuri na ubora. Akina mama wakishona ovaroli inayofumuka makwapani wiki ya kwanza, nani anawajibika? Na wanaouza cherehani waliyopewa bure, samahani, hao tatizo lao si soko.

Fundi Chikongola

Mbishi, SDL inakusanywa na TRA inaingia serikalini, na si yote inayorudi vyuoni, hilo wafanyabiashara wenyewe wanalilalamikia kila msimu wa bajeti. Lakini hata ingerudi yote, mimi sizungumzii nani alipie darasa. Ada ya VETA kwa kozi ndefu si kubwa. Kinachomrudisha kijana wa Nanyamba nyumbani ni nauli, chakula, chumba, vifaa, na kuona waliomtangulia wamekaa kijiweni na vyeti vyao.

Kuhusu cherehani, wewe ukipewa mashine, mteja hana, mtoto amefaulu anatakiwa kuripoti na godoro na madaftari, utaikumbatia? Aliyeiuza amepiga hesabu sahihi kabisa.

Mstaafu Ligula

Vijana hamjambo. Nimefanya kazi za halmashauri miaka mingi, niwasaidie mnapopita bila kuona.

Mnaijadili CSR kama sadaka. Kwenye gesi na madini si sadaka tena. Sheria ya Petroli ya 2015 inamtaka mwenye leseni aandae mpango wa uwajibikaji kwa jamii na akubaliane na halmashauri. Sheria ya Madini nayo, baada ya marekebisho ya 2017, kifungu cha 105 kinasema hivyo hivyo, na kanuni zake zikatoka 2023. Kwa hiyo kwa ndugu zetu wa Ruangwa kwenye madini ya kinywe, na wa Msimbati, Madimba na Kilwa kwenye gesi, mpango ule una saini ya halmashauri. Diwani wako ana mkono wake mle ndani.

Sasa kaeni kwenye kikao hicho muone kinachoombwa. Darasa. Madawati. Zahanati. Tundu za vyoo. Siwalaumu, vinahitajika na vinaonekana barabarani. Mafunzo ya ufundi yanaingia mwishoni kama kipengele kidogo cha kujazia, yanapewa wiki chache na vijana wengi, kwa kuwa kwenye ripoti idadi ya walionufaika ndiyo inasomwa.

Na hili ndilo nataka mlishike. Sheria hizo hizo zina sura nyingine kabisa inayohusu ushiriki wa Watanzania, kwamba mwenye leseni atoe kipaumbele kwa bidhaa na huduma za Watanzania. Lakini ndani ya kampuni CSR iko kwenye meza ya mahusiano ya jamii na manunuzi yako kwenye meza nyingine, mara nyingi makao makuu Dar. Huku halmashauri CSR iko kwa maendeleo ya jamii, na biashara ni idara nyingine. Hao watu hawakutani. Mmoja anafundisha washonaji, mwenzake anatangaza zabuni ya sare, na hakuna siku barua zao zimepita faili moja.

Serikali yenyewe imejiwekea kwamba asilimia 30 ya manunuzi iende kwa makundi maalumu ya vijana, wanawake, wazee na wenye ulemavu. Kampuni binafsi haibanwi na hilo. Lakini hakuna kinachokataza halmashauri, siku ya kukubaliana mpango wa CSR, kusema kwamba tutaweka saini ikiwa na ukurasa wa mtakachonunua kwa mtakaowafundisha.

Msukuma Toroli

Mzee umemaliza. Hapo kwenye "hawakutani" ndipo penyewe.

Mwana Likong'o

Niongeze upande wa Lindi, maana nyie wa Mtwara mkianza mnasahau kuna watu huku.

Sisi tumefundishwa kwa ajili ya kazi ambayo haijafika. Mnakumbuka miaka ile ya gesi ya kina kirefu baharini, makampuni ya BG, Statoil na wenzao. Mtwara nyumba za wageni zilikuwa hazipatikani, viwanja Lindi vinapanda bei kila Ijumaa. Wakati huo fedha za makampuni ya gesi ziliingia VETA Mtwara na VETA Lindi, kupitia mradi wa VSO, shirika la kujitolea la Uingereza, na niseme haki yao, ule haukuwa mradi wa keki. Walimu walinolewa, karakana zikapata vifaa, viwango vikapandishwa kuelekea vya kimataifa. Kaka yangu alipita hapo.

Kisha tukasubiri kiwanda cha kusindika gesi Likong'o. 2022 yakasainiwa makubaliano ya awali Dodoma, tukapiga vigelegele. Bado tunasubiri. Kaka hakusubiri. Kwenye kazi ya bomba la gesi hawaangalii cheti kwanza, wanakupa jaribio: bomba limefungwa kwa mwinamo wa nyuzi 45, halizungushwi, wewe ndiye unalizunguka, mshono unaanzia chini unapanda mpaka juu pande zote mbili. Wanaliita siksi ji. Ukimaliza wanaupiga picha ya mionzi kuona kama ndani kuna tundu. Alifaulu. Leo anazunguka na makandarasi mikoa mingine, nyumbani anakuja Idi.

Kwa hiyo mtu akisema mafunzo yanapotea, kwa kaka hayakupotea, yalihama. Familia inakula. Ila kijiji kilichotakiwa "kunufaika" kimebaki na mama yake na mimi. Swali langu kwa Fundi: huyo tumuweke fungu gani, mafanikio au hasara?

Fundi Chikongola

Mafanikio kwake, bila ubishi. Mtu akipata ujuzi wa siksi ji aende hata Hoima kule Uganda. Lakini kampuni isiandike kwenye ripoti kwamba imeendeleza Likong'o.

Mstaafu Ligula

Kusini tuna historia ya mafunzo yanayotangulia kazi. Wazee wetu walifundishwa kuendesha matrekta kwenye mpango wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947, huku kwetu ukiwa Nachingwea. 1951 mpango ukafa. Reli iliyojengwa kutoka bandari ya Mtwara kwenda huko ikaja kung'olewa miaka ya 60. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, ya Mnazi Bay 1982, na ya Songo Songo ilianza kwenda Dar 2004. Hesabuni wenyewe miaka kati ya kugundua na kutumia, mwone kijana aliyefundishwa siku ya ugunduzi angekuwa na umri gani.

Mbishi wa Masasi

Sasa mzee si unaniunga mkono? Fundisha kinachotakiwa na soko lililopo, acha ndoto za makampuni.

Angalieni barabara. Tangu kiwanda cha saruji cha Dangote kianze pale Msijute 2015, uwezo wake tani milioni 3 kwa mwaka, na baadaye makaa ya mawe ya Ruvuma yakaanza kuja bandarini kwa wingi, malori ni mchana na usiku. Nani alimfundisha yule anayeziba pancha za lori Mangamba? Anayesuka springi? Anayechomelea bodi iliyopasuka? Hakuna mradi. Dereva alikuja na lori bovu na hela mkononi, wenye akili wakajifunza. Mteja ndiye mwalimu.

Fundi Chikongola

Umesema mwenyewe. Mteja ndiye mwalimu. Ndiyo maana nasema kampuni iwe mteja!

Bi Mkubwa wa Mikindani

Wanangu, mnabishana vizuri lakini wote wanaume, kuna mambo hamyaoni.

La kwanza. Hapa kwetu Mikindani kuna boma la Wajerumani la 1895. Liliachwa likawa gofu. Wakaja watu wa shirika la hisani la Uingereza, Trade Aid, wakalikarabati, mafundi wa hapa hapa wakiwamo, likawa hoteli, na hoteli ikawa ndiyo shule. Vijana walijifunza kupika, kutandika, kupokea wageni, na mgeni aliyekuwa analipa alikuwepo pale pale mezani. Supu ikiwa na chumvi unaambiwa muda ule ule. Hilo si kampuni kubwa ya gesi, ni shirika dogo, lakini darasa lilikuwa ndani ya kazi.

La pili ni kalenda. Mradi unaanza Oktoba kwa kuwa bajeti ya huko kwao inapita Oktoba. Oktoba mpaka Desemba sisi tuko kwenye korosho, tunaokota, tunaanika, tunapeleka ghalani, tunasubiri mnada. Ndiyo hela ya mwaka mzima hiyo. Halafu mwezeshaji anaandika mahudhurio yameshuka, wanajamii hawana mwamko. Wakihamishia Juni na Julai, tuko kwenye salfa, kupulizia mikorosho dawa, na pia ndiyo jando na unyago, huwezi kumwambia mama mwenye mwali ndani aje kujifunza batiki. Kuanzia Februari mpaka Mei watu wapo. Hawaulizi.

La tatu, mtoto wa mgongoni. Kozi ya saa mbili asubuhi mpaka saa kumi, mama ana mtoto ananyonya na mwingine anarudi shule saa nane na njaa. Nimeona mradi mmoja waliogawa kozi wakafanya alasiri tu, na mtu mmoja analipwa kidogo kuangalia watoto chini ya mwembe. Walimaliza karibu wote. Gharama yake haizidi bango moja.

Jirani wa Bandari

Shikamoo Bi Mkubwa. Hapo kwa mwali umenikumbusha mbali.

Kitengo

Nimesoma uzi mzima kimyakimya. Mimi nimekaa kwenye ofisi mnazozisema, upande wa manunuzi, sitasema ya nani. Nieleze kwa nini ovaroli inatoka Dar, na siyo kwa kujitetea.

Kununua kwa kikundi tulijaribu. Bosi alitaka, mahusiano ya jamii walitaka, mimi nilitaka. Tukakwama hivi.

Kwanza makaratasi. Ili nikulipe lazima uwe umesajiliwa kwenye mfumo wetu. Nahitaji TIN, leseni ya biashara, akaunti ya benki kwa jina lile lile la kikundi, risiti ya EFD, ile mashine ya risiti ya TRA. Kikundi kilikuwa na usajili wa halmashauri, kwa ajili ya mikopo ile ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, na akaunti. Risiti ya EFD hawakuwa nayo. Bila risiti hiyo mhasibu hawezi kuingiza gharama, na mkaguzi akija nitaulizwa mimi.

Pili, na hii ndiyo iliyowaua, malipo. Sisi tulikuwa tunalipa siku 60 baada ya kupokea ankara. Kwa muuzaji wa Dar hilo ni jambo la kawaida, ana mtaji wa kuzungusha. Kikundi kilinunua kitambaa kwa mkopo wa mwenye duka, wakashona, wakaleta, wakakaa. Mwenye duka anawadai, watoto wanadai, mimi nikipigiwa simu nasema "iko kwenye mchakato". Ilikuwa kweli iko kwenye mchakato. Oda ya pili hawakuitaka wao wenyewe. Kwenye ripoti ikaandikwa kikundi kilishindwa kukidhi mahitaji.

Tatu, ukubwa. Mkataba wa sare ulikuwa mmoja, vitu vyote pamoja: ovaroli za kuzuia moto, buti, kofia ngumu, miwani, fulana. Ovaroli ya kuzuia moto haishonwi kwa kitambaa cha dukani, ina kiwango chake na cheti chake. Hiyo naomba Fundi usitulaumu. Lakini fulana za ofisini, aproni za jikoni, mapazia ya kambi, mashuka, mifuko ya kubebea sampuli, hivyo vyote vingeweza kushonwa Mtwara. Vilifungwa kwenye mkataba mmoja na vile visivyowezekana, basi vyote vikaenda.

Fundi Chikongola

Kitengo, asante sana. Umeandika kilichokosekana kwenye mada yangu. Ina maana kikwazo wala si cherehani. Mngetoa aproni na mapazia nje ya ule mkataba mkubwa, mkalipa nusu mbele na nusu siku ya kupokea, mngekuwa mmefanya kazi kubwa kuliko sherehe nzima. Na mafunzo ya wiki moja kati ya zile yangekuwa ya ankara, risiti na kupiga bei. Nimeona mshonaji hodari anauza gauni kwa hela ambayo haifikii kitambaa na uzi, hajui kuhesabu muda wake.

Kitengo

Nusu mbele bosi anaruhusu kwa oda ndogo. Tatizo huwa mtu wa kuibeba hoja kikaoni. Mahusiano ya jamii hawaingii kwenye kikao cha manunuzi, kama Mzee alivyosema.

Mbishi wa Masasi

Haya, hapo kwenye siku 60 nimekubali. Hata mimi nakopesha watu vifaa vya ujenzi, najua maumivu yake. Ila bado nasema msifundishe ushonaji kila kijiji.

Salfa Kijijini

Mbishi umenipa mlango. Mimi ni mkulima wa Tandahimba. Niulize wakuu: ni mradi gani umewahi kufundisha ufundi wa mashine za kupulizia mikorosho?

Kila kijiji huku kina mashine hizi, zile za kubeba mgongoni. Injini ya staili ya pikipiki ndogo ya zamani, petroli unachanganya na oili. Mtu akikosea mchanganyiko pistoni inakwama, silinda inachubuka. Salfa ya unga inaingia kwenye kabureta. Kamba ya kuwashia inakatika. Na ugonjwa wa ubwiriunga hausubiri. Maua yametoka, umekaa siku kumi bila kupuliza kwa sababu mashine imepelekwa Mtwara mjini kutengenezwa, zao la mti huo limeondoka. Fundi mmoja wa kweli kwenye kata, mwenye spea ndogo ndogo kwenye boksi, msimu mmoja anapata kula yake na foleni inabaki. Wateja wapo, hela ipo baada ya mnada, hata kwa mkopo atalipwa kupitia AMCOS, chama chetu cha ushirika.

Lakini mradi ukija ni batiki, sabuni ya maji na keki. Nadhani anayepanga hajawahi kuona mkorosho ukipulizwa.

Mwana Likong'o

Ongeza mashine za boti, mafriji ya samaki na sola. Lindi friji ikifa pale feri samaki wanaoza, fundi anatoka mbali. Ufundi wa majokofu ni mashine ya gesi, mita, na kichwa kilichotulia.

Bi Mkubwa wa Mikindani

Na kubangua korosho msikusahau. Serikali ilijenga viwanda 12 vya kubangua miaka ya nyuma, vingi vikafungwa, vingine vikawa maghala. Kuna akina mama walifanya kazi mle wakiwa wasichana. Wanajua kupasua ganda bila kuvunja punje, wanajua kujipaka mafuta vidoleni kabla ili utomvu wa ganda usiwachome. Ukimwona mtu mzima vidole vyake vyeusi mpaka kwenye kucha, uliza, utaambiwa Likombe au Newala. Korosho zetu nyingi zinapanda meli zikiwa na maganda yake. Kampuni ikitaka kufundisha kubangua, walimu wapo majumbani, haina haja ya kuleta mtu na projekta.

Gereji ya Mkomaindo

Wakuu samahani kwa kuchomekea. Mimi natengeneza pikipiki Masasi, nimejifunza mtaani kwa kaka, sina cheti. Kuna kampuni imetangaza mafundi wa mashine ndogo, wanataka cheti cha VETA. Kurudi kukaa darasani miaka siwezi, nina familia. Kuna njia?

Mstaafu Ligula

Ipo, mwanangu. VETA wana utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Unakwenda kujiandikisha, wanakutathmini kwa maswali na kwa vitendo kwenye kazi unayoifanya, wakiona pengo wanakupa mafunzo mafupi ya kulijaza, kisha unapewa cheti cha ngazi unayostahili. Mpigie mtu wa VETA Mtwara au ufike mwenyewe, uliza "urasimishaji wa ujuzi", usiulize "kozi". Ukiuliza kozi watakuandikisha kozi.

Na hapa niwaambie nyie wa makampuni mnaosoma kimya: kulipia tathmini ya mafundi wa mtaani walioko tayari kazini ni nafuu kuliko kuanzisha darasa jipya, na mnaopata siyo wanafunzi, ni mafundi.

Gereji ya Mkomaindo

Mzee Mungu akubariki. Kesho naanza na simu.

Kitengo

Fundi Chikongola, niko ofisi nyingine sasa, ndogo zaidi. Tunahitaji shelfu za chuma za stoo na keria za pikipiki zetu za shambani. Nikikuletea, unaweza kuwapa kazi hiyo wale vijana wa mradi, wewe ukisimamia? Nitaipitisha kama oda ndogo.

Fundi Chikongola

Nitawapa. Shelfu ni mishono ya kusimama mitupu, wataunguza rodi mpaka mkono ukae. Zitakazotoboka zinabaki kwangu, hazikuhusu. Lete vipimo na uzito utakaobebwa kila ngazi, maana stoo ya vilainishi na stoo ya mafaili si shelfu moja. EFD ninayo. Nusu mbele, mkuu, umeshasema bosi anaruhusu.

Mbishi wa Masasi

Mkikwama kwenye ankara mje mtuambie hapa hapa, mimi bado nimekaa.